Siku Nilipowapandia Kuku Kunde za Bibi Estelia

Jamani, mkinicheka nichekeni taratibu, maana aibu hii naibeba tangu miaka ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza, na mpaka leo nikipita Makote wapo wanaoniamkia "shikamoo, padri" huku midomo inawacheza, nami naitikia marahaba kama mtu asiyekumbuka kitu.

Nilikuwa padri mpya, mtu wa Chiungutwa niliyepelekwa kijiji hicho cha Makote, huko juu Newala, na baada ya Injili hakuna ninachokipenda duniani kama bustani. Mvua ya kwanza ilipogusa ardhi, akina mama walileta mbegu zao kanisani Jumapili zibarikiwe kabla ya kupanda, huyu na kikapu, yule na kibuyu, wakazipanga mbele ya altare. Bibi Estelia, mjane aliyeishi peke yake, alileta kibuyu kidogo cha kunde, na wote tulijua kwamba miezi yote ya njaa alikuwa anachimba mizizi ya ming'oko porini asikiguse kibuyu kile, kwa sababu ndizo mbegu zake zote.

Somo la siku lilikuwa mfano wa mpanzi, na hapo ndipo nilipojitia makuu. Chuoni kwetu ukutani palikuwa na picha ya mpanzi mwenye ndevu, kaning'iniza mfuko begani, anarusha mbegu hewani (sisi huku unachimba shimo, unadondosha mbegu, unafukia kwa mguu, na anayerusha mbegu hewani ndugu zake humtafutia mganga). Basi nikaona maneno matupu hayatoshi, nikashuka, nikachukua kibuyu kilichokuwa karibu (ndiyo, kile kile), nikachota kunde, nikarusha, nikanogewa, nikarusha tena, mpaka kibuyu kikawa chepesi. Kanisa zima likanyamaza. Mimi nikadhani mahubiri yamewaingia.

Nikafika mahali ndege wanapokuja kuzila mbegu, na wakaja kweli. Kanisa letu halikuwa na ubao wa kufunga mlango, na jirani yetu Mzee Hamisi, Mwislamu mstaarabu sana, alikuwa na kuku wasio na ustaarabu wowote. Jogoo alitangulia, wenzake wakafuata, akina mama wakapiga magoti kuokota kunde, wao na kuku bega kwa bega, nami nikainua mikono kumfukuza jogoo, nikakanyaga pindo la kanzu yangu mwenyewe, nikaenda chini mzimamzima juu ya mtungi wa maji ya ubatizo. Mtungi ukapasuka. Maji yale akina mama walikuwa wameyapandisha kichwani kutoka bondeni, maana huko juu kisima hakuna, na sasa yalikuwa yanalowesha sakafu ya udongo na magoti yangu.

Mzee Hamisi akasimama mlangoni.

"Hodi. Samahani, padri, nimefuata kuku wangu. Au umeshawabatiza?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Bibi Estelia hakucheka. Kunde zilizookotwa hazikujaa kiganja, naye alikuwa anakipindua kibuyu chake, anakitazama ndani.

"Padri," akasema polepole, "umeutupa mwaka wangu."

Nilitaka ardhi inimeze. Jioni nikampelekea mbegu za kunde kutoka bustanini kwangu, akanishukuru, akazirudisha. Zile za kibuyu, alisema, ni mbegu za marehemu mumewe, amekuwa akizipanda na kuzivuna tangu alipomzika, na zangu ni kunde za watu wengine. Wiki ile bustani yangu sikuitazama.

Jumapili iliyofuata nikawahi kanisani kufagia, nisionane na mtu. Pale mtungi ulipopasukia, kwenye nyufa za sakafu ambako vidole vya akina mama na midomo ya kuku havikufika, kunde zilikuwa zimeota, majani mawili mawili, mbele kabisa ya altare. Nilikimbia kwa Bibi Estelia bila kanzu wala viatu.

"Shikamoo, bibi. Njoo uone mwaka wako."

Alipofika aliinama akayagusa majani, kisha akacheka, tena kicheko cha msichana. Ibada ilichelewa siku hiyo, kwa kuwa waumini walikuwa wanang'oa miche na udongo wake kwa vijiko, na ungo wa kuibebea alitoa Mzee Hamisi (kuku wake amewafungia). Haikushika yote, lakini iliyoshika nikaipalilia mwenyewe shambani kwake mpaka ikazaa, na mbegu ikapatikana.

Mwaka uliofuata Bibi Estelia alileta kibuyu chake kama kawaida, ila mdomo wa kibuyu ameufunika kwa kitambaa, ameufunga kamba, na fundo amelikaza kwa meno mbele yangu.

"Padri, mwaka huu bariki kwa maneno tu."

Nikabariki kwa maneno tu, mikono nimeifumbata mgongoni, na mpaka leo mbegu za watu ndivyo ninavyozibariki.