Nilivyomtungia wimbo shemeji yangu mwenye nota moja

Wakuu, heshima kwenu. Shikamoo za vijana nimeshazipokea, msijisumbue. Haya ninayoandika ni kweli tupu, na mhusika yupo hai, anaweza kunisuta.

Mimi natunga nyimbo za kwaya kwenye usharika mmoja huku Meru, unapandia Kikatiti. Shule niliishia darasa la nne. Nota za do re mi alinifundisha mwinjilisti aliyekuwa anatuchapa na fimbo ile ile ya kuongozea kwaya. Mpaka leo nikiona fimbo sauti inakaa sawa yenyewe. Tuyaache hayo.

Shemeji yangu Anaeli, kaka wa mke wangu, alifiwa na mkewe akajiunga na kwaya. Tukamweka besi.

Anaeli ana nota moja tu, so. Wimbo ukipanda, yeye yupo kwenye so. Ukishuka, yupo kwenye so. Tukimaliza, so inaendelea kidogo.

Mashindano ya mjini yalipokaribia, wanakwaya wakanikalisha: huyu atoke. Mwenyekiti wetu, mama asiyezunguka, akasema, "Mwalimu, mwambie wewe. Ni shemeji yako."

Sasa hapo wakuu. Tangu msiba yule mtu hakuwa na pa kwenda isipokuwa mazoezini. Anawahi saa nzima, anapanga mabenchi, anakaa anasubiri watu. Nikimwambia abaki nyumbani, abaki na nani?

Pia niseme ukweli, nilimwogopa mke wangu.

Basi nikafanya ujanja. Nikatunga wimbo mpya wenye sauti tano. Nne za kawaida, ya tano ya Anaeli peke yake: so, mwanzo mpaka amina. Nilitaka kumfukia chini ya wenzake asisikike.

Kwenye do inakaa vizuri. Balaa ni mkifika fa, maana so inajibana kati ya fa na la kama mgeni aliyeketi katikati ya mtu na mkewe. Nilijaribu kurekebisha nikashindwa, nikaacha.

Tukaimba. Tukawa wa pili.

Jaji mmoja, dada msomi wa muziki, akanifuata, machozi yanamlengalenga. Kilichomgusa ni pale pale nilipoharibu. Akaniuliza kama tunatumia staff. Nikamjibu hatuna staff, wote tunajitolea. Kumbe anauliza ile mistari mitano ya kuandikia nota. Akacheka, akadhani namtania.

Akanialika kwenye semina mjini, mada "Muziki Jumuishi: Kila Sauti Ina Nafasi". Nikaenda na Anaeli, kavaa koti la harusi.

Mlangoni mlinzi akaangalia karatasi ya majina. Mimi nipo. Anaeli hayupo. Akasema mzee asubiri nje.

Mngefanyaje? Mimi niliingia. Nikapewa kipaza sauti, nikasema nilitunga ule wimbo kwa upendo, kwa ajili ya wale wasiosikika. Watu wakapiga makofi. Nikageuka, Anaeli yupo dirishani anapiga makofi na yeye.

Chai sikuinywa. Nikatoka nje nikamwambia yote: walitaka utoke, nami nilitunga vile ili nikufiche. Kama unaacha kwaya, una haki.

Akafunga kifungo cha koti.

"Shemeji, unadhani sijisikii? Nina nota moja, najua. Nilikuwa nasubiri mtu aitungie wimbo."

Halafu akasema nimemwekea nafasi chache za kuvuta pumzi, wimbo ujao nimfikirie.

Naandika sasa ni wiki kadhaa zimepita. Wazee wawili wa teno walioishiwa sauti wameomba kuhamia mstari wake. Nikaona ndiyo ujumuishi wenyewe huo, nikawapeleka kwake.

Amewafanyia usaili. Amewakataa wote wawili. Anasema wanayumba.

Nimejifunza nini? Kwamba kutunga ni kazi rahisi, kazi ni kumwambia mtu ukweli. Na kwamba anayepata kiti anasahau haraka alivyosimama, mimi nikiwa wa kwanza, maana mlangoni pale niliingia bila hata kubishana na mlinzi.

Sasa walimu wa kwaya mliomo humu, nani awaambie wale wazee wawili? Wamekaa kwangu sebuleni wanasubiri jibu, nami nimejificha jikoni nawaandikia ninyi. Karibuni kwa maoni, matusi pia nitayasoma.