Matairi ya Lebo Nyekundu

Siku niliyoripoti kazini, Mkuu wa Karakana hakunipa hata kiti. Alinivingirishia tairi hadi miguuni, akaniuliza lina umri gani. Mimi natoka chuoni na cheti changu cha utunzaji wa stoo, baibui jipya, nikasema sijui. Akanichutamisha pale sakafuni, akanionyesha tarakimu nne ubavuni mwa tairi: mbili za mwanzo ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lile lilikuwa limeletwa kutoka dukani asubuhi hiyo hiyo kama jipya, na lilikuwa na miaka sita. Nilishangaa mno, maana nilidhani mpira ni mpira.

Ndivyo nilivyoingia kazi ya matairi, katika kampuni ya chumvi hapa Bagamoyo, mwanamke peke yangu katikati ya mafundi wenye midomo. Walinitania kwamba sasa matairi yatapakwa hina. Nikawaambia wanipe jaki kwanza, hina tutaizungumza baadaye.

Mkuu yule alinifunza kazi. Kashata ni yale matuta ya mpira yanayoshika barabara. Zikiisha, tairi limekuwa kipara, na kwenye mvua gari linateleza kama sabuni bafuni. Kina cha kashata hukisii kwa macho, unatumbukiza kijiti chenye alama za milimita na unasoma. Na waranti, ile dhamana ya kiwanda, alisema, anza kuisoma kutoka chini, kwani juu wameandika watakachokupa na chini wameandika watakavyokunyima.

Alipostaafu akaja Meneja Usafirishaji, bwana mtanashati, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama. Huyu alitaka kampuni ichague aina moja ya matairi kwa magari yote madogo, na kazi ya kulinganisha akanipa mimi. Nilivimba kichwa, sikatai. Nikachukua pikapu tatu, kila moja nikaifunga aina yake. Majina siyataji, sina haja ya kugombana na mawakala. Tuseme lebo nyekundu, ya kijani na ya njano, kama nilivyoyaandika kwenye daftari langu.

Mshiko tuliupima kwenye lami iliyolowa, njia ya Mbegani. Madereva walikuja kwa mwendo uleule, wakafunga breki kwenye mstari wa chokaa, nami nikahesabu hatua hadi gari liliposimama. Yale ya njano yaliteleza mpaka nikakimbilia majanini. Kuhusu kulika, kila Jumamosi nilipima kashata ndani, katikati na nje, kwa sababu tairi likiliwa upande mmoja kosa mara nyingi ni la gari. Ya kijani yaliisha upesi kwenye changarawe, na waranti yake ilikuwa na masharti chungu nzima. Wakala wa lebo nyekundu ndiye pekee aliyeahidi kumtuma mtaalamu wake aje alione tairi lenye tatizo hapa hapa. Lebo nyekundu ikaongoza kote, nami nikayapenda matairi yale kupita kiasi.

Pikapu ya lebo nyekundu ndiyo iliyobeba wageni, ndiyo iliyoazimwa kwa harusi na Maulidi, na Meneja hakutaka kuona tairi lenye vumbi. Nikamwagiza Mzee Pazi, muosha magari wetu, kila Alhamisi ayafute matairi yake kwa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya nazi. Yaling'aa, jamani. Meneja alinisifu mbele ya mafundi walewale wa hina.

Asubuhi moja dereva wa pikapu hiyo, Salehe, alikuwa akirudi kutoka Chalinze. Alipofika Vigwaza tairi la mbele likapasuka, gari likaingia porini, naye akavunjika mguu. Salehe ni mtu wa Kaole, mpole, dereva ambaye hajawahi kugonga hata kuku. Akaapa kwamba alikuwa akienda polepole. Meneja akaniuliza kama tairi lilikuwa na kasoro. Nikafungua daftari kwenye majedwali: limeongoza kwa mshiko, limeongoza kwa kutolika. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba kosa ni mwendo. Salehe alisimamishwa kazi mguu ukiwa bado kwenye hogo la plasta.

Dai la waranti tulilipeleka vilevile, kwa tamaa tu. Mtaalamu wa wakala akaja, mtu mfupi asiye na haraka. Akaukunja ubavu wa lile tairi lililopasuka, na nyufa zikafunguka kila mahali. Akaukunja wa lililobaki zima, nyufa zilezile. Kisha akainama akanusa.

"Nani anayapaka haya dizeli?" akauliza. "Dizeli inakula mpira."

Mzee Pazi aliniangalia mara moja, akainamisha macho. Meneja akaanza kumfokea yeye.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimwagiza mimi."

Meneja yule aliyenisifu akadai hakujua lolote. Waranti ikakataliwa palepale, mimi nikapewa barua ya onyo, Salehe akarudishwa kazini akichechemea. Nilimwomba radhi mbele ya karakana nzima, akasema yamekwisha. Nami nikaamini yamekwisha.

Tulifanya kazi pamoja miaka tisa baada ya hapo, hadi yeye alipostaafu. Kila nilipomaliza kupima matairi ya gari lake aliniuliza jambo moja tu: "Umeandika, Bi Mwanaidi?" Nilidhani ananitania.

Nilipostaafu, wenzangu walinizawadia kanga, na lile daftari la zamani kama ukumbusho. Nikaketi barazani kwangu nilisome nicheke. Nikafika kwenye safu ya lebo nyekundu, wiki mbili kabla ya Vigwaza, nikakuta mwandiko wangu: "Dereva analalamikia nyufa ubavuni. Nimemwambia tairi ni zima." Chini yake, saini yangu. Nilirudia kuusoma mara tatu, na wallahi sikukumbuka hata chembe. Kumbe mtu alikuja akanionya, nikamwandika, nikamsahau, kisha nikamtia hatiani.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna mashine za kupimia kila kitu, na ni vizuri. Mimi nilipima mshiko, nikapima kashata, nikasoma waranti kutoka chini kwenda juu. Nilichokosa kukisoma ni daftari langu mwenyewe.

Kesho yake nilikwenda Kaole. Nilimkuta Salehe akipalilia mihogo yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Bi Mwanaidi. Karibu."

Nikamfungulia ukurasa ule. Hakuutazama hata kidogo. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile, wakati neno moja lingemwokoa.

"Nilikuona ukiandika," alisema. "Nikajua ipo siku utasoma. Miaka tisa nakuuliza."

Akafuta jembe, akamwita mkewe kutoka ndani. "Huyu hajawahi kuamini kwamba nilikuonya," akasema, akaniomba nimsomee mstari ule kwa sauti. Nikausoma, hadi kwenye saini.