Nilivyomtafsiri Mama wa Darajani

Filamu ya nne ndiyo ya mwisho, na naanza kwa kusema wazi kwamba haifikii ya tatu. Dakika zake ishirini za kwanza ni bora kuliko chochote nilichowahi kukiona katika hizi filamu za kuchorwa za Kijapani, ambazo sisi hapa Uvira tunaziita manga tu. Baada ya hapo inaharibika. Nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na hofu ambayo haikuhusu michoro wala muziki: binti yangu alikuwa ameketi kando yangu, na niliogopa angejua kwamba nilimdanganya tangu utoto wake.

Hadithi yenyewe si ngumu. Bahari imekauka, imebaki chumvi, na treni inapita juu ya chumvi hiyo kuwapelekea watu maji. Dereva ni mwanamke. Ana binti mdogo anayelala nyuma ya kiti chake, karibu na moto wa mashine. Mwisho wa filamu ya kwanza daraja linaanza kupasuka. Mama anashuka, anashikilia chuma fulani kinachozuia reli zisiachane, treni inapita na abiria wote, kisha daraja linaanguka naye. Kabla ya kuanguka anamwambia binti yake, kwa Kifaransa cha wale walioingiza sauti: usiningojee, peleka maji.

Mimi nilitafsiri hivi: ningojee kituoni, nitarudi.

Binti yangu alikuwa na miaka saba, hajui Kifaransa. Mama yake alikuwa ameondoka mwaka mmoja kabla, amepanda boti kwenda Kalemie kwa sababu alichoka na mume wa kuaga kila mwezi. Wakati ule nilikuwa nakoboa mpunga Kiringye, mwezi unaofuata niko Mutarule, halafu Bujumbura, na sikuwa na sababu ya maana ya kwenda popote kati ya hapo. Tulikubaliana mtoto abaki Kavimvira, hapa Uvira, kwa dada yangu mkubwa mpaka mama yake apate nyumba, ndipo atamwita. Kwa hiyo nilipomwona mtoto amekaza macho kwenye televisheni, vidole vyote mdomoni, sikuweza kusema usiningojee.

Dada yangu alikuwa mlangoni anamenya mihogo. Kifaransa chake ni kidogo, lakini macho anayo.

"Weye, mama gani huyo anarudi? Si daraja imeanguka naye?"

"Ameogelea," nikasema.

"Ameogelea mu chumvi?"

"Shangazi, nyamaza," mtoto akasema bila kugeuka. "Mama yake anajua kuogelea."

Tulicheka sana siku ile, dada yangu mpaka akaweka kisu chini. Nilijiona baba hodari.

Filamu ya pili na ya tatu zilinipa kazi zaidi. Katika ya pili mama anaonekana, lakini ni kumbukumbu za binti yake. Nilisema ni habari anazotuma. Katika ya tatu anaingia mzee mtia makaa, ambaye kila jioni anamwambia msichana kwamba ameona taa upande wa pili wa daraja. Hakuna taa. Mzee anajua kwamba msichana akiacha kungoja ataondoka na treni, naye atabaki peke yake pale kituoni. Anakiri hayo mbele ya moto, maneno machache, na hapo ndipo ile filamu inakuwa kubwa kuliko nyingine zote, kwa sababu haimhukumu wala haimtetei. Mimi sikuyatafsiri. Nilisema mzee anasema makaa yameloa.

Haya yangeweza kuwa mambo ya mchezo kati ya baba na mtoto. Kilichoyatoa kwenye mchezo ni siku moja, mtoto akiwa na miaka tisa, mwanamke anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, kati ya Kalemie na Uvira aliponikuta sokoni. Alikuwa na ujumbe: mama amepata nyumba, ameolewa na mtu mwenye utulivu, shule iko karibu, mtoto apande boti pamoja naye Alhamisi.

Nilirudi nyumbani na kumwuliza mtoto. Nayakumbuka maneno yangu kwa sababu nilikuwa nimeyapanga njiani. Sikumwambia kwamba mama yake anamwita. Nilimwuliza: "Unataka kupanda boti uende mbali na papa na shangazi, ama unataka kumungojea mama hapa, kama ule wa treni?"

"Namungojea," akasema mara moja.

Nikarudi kwa yule mwanamke nikamwambia: mtoto amekataa. Na wiki tatu baadaye nikaondoka tena, kwenda Baraka, nikamwachia dada yangu mtoto niliyemng'ang'ania. Hata leo sijui nilimtaka kwa nini. Nadhani nilitaka pawe na mtu wa kunifungulia mlango kila nikirudi.

Miaka ilikwenda. Ziwa lilipanda, likaingia uani kwa dada yangu, akahamia juu kidogo, hukohuko Kavimvira, na vitanda viwili na televisheni. Binti yangu alikua kwa simu: sauti yake ilikuwa inabadilika kila nikipiga. Alijua kama mtaa mzima ulivyojua kwamba mama yake yuko Kalemie na mume mwingine na watoto. Kitu ambacho hakujua ni kwamba aliitwa. Aliamini mama yake hakuwahi kumwulizia hata mara moja, na niliisikia imani hiyo kwa jinsi alivyoruka jina lake tukiongea.

Mwaka huu nilikuwa bado Baraka, nauza vipuri vya pikipiki. Akanipigia.

"Papa, ya nne imetoka. Niko nayo mu flash. Kuja."

"Ya nne ya nini?"

"Usijifanye. Kuja."

Amefika miaka kumi na minane, amemaliza shule, Kifaransa chake kimepita changu. Njiani nilijaribu kutunga namna ya kumfanya mama wa darajani arudi, nikakumbuka kwamba safari hii hakuna atakayehitaji mtafsiri.

Tuliitazama Jumapili, baada ya ibada, dada yangu akiwa bado kanisani kwenye mkutano wa wamama. Zile dakika ishirini za mwanzo hazina neno hata moja. Msichana wa treni sasa ni mwanamke, ndiye dereva. Wamechora chumvi ikiwa na rangi tofauti kila saa: asubuhi kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, mchana kama karatasi, jioni kama kutu. Wamechora mikono yake ikiwa na mistari ya makaa ambayo haitoki kwa kunawa. Anagawa maji kituo kwa kituo, na kila mara yeye anakunywa mwisho. Hakuna anayekuambia uangalie hilo, unaligundua mwenyewe kituo cha tatu. Mimi nimeendeshwa kwenye uwanda wa Ruzizi wakati wa kiangazi, vumbi limefunika mihogo yote, na naapa aliyechora ule weupe amewahi kukaa mahali pakavu akangoja kitu.

Kisha wakaogopa ukimya wao wenyewe. Wanaingia wezi wa maji na vita ya nusu saa ambayo ingeweza kukatwa yote. Anaingia kijana mchekeshaji mwenye ndege begani, mtu ambaye hatukumwona katika filamu tatu zilizotangulia, na anaongea kama redio. Muziki unapanda kila mtu akilia, kana kwamba hatutajua. Na mwisho bahari inarudi. Sina ugomvi na bahari kurudi. Lakini ilichukua filamu tatu kutuonyesha jinsi ilivyokauka, na inajaa kwa dakika tatu.

Kabla ya bahari kuna tukio moja. Mzee mtia makaa, sasa hawezi hata kusimama, anamwambia yule mwanamke: sikuona taa yoyote, tangu siku ya kwanza. Mwanamke anasema: najua. Anamkumbatia. Mimi machozi yakanitoka. Nikageuza uso dirishani.

Binti yangu akasimamisha picha.

"Hapa njo wameharibu filamu yote," akasema.

"Hapa? Mimi naona hapa njo pazuri."

"Pazuri wapi? Miaka yote iko anamwambia bongo, uongo mtupu, leo anasema pole, na ule anamukumbatia palepale. Hakuna muntu anasameheaka ivyo."

"Labda muda ulikuwa mfupi."

"Muda wa wezi walipata. Muda wa ule wa ndege walipata." Alikuwa anacheka, lakini hakuniondolea macho. "Papa, na weye ungetafsiri nini hapa? Makaa imeloa?"

Televisheni ilikuwa imeganda kwenye mkono wa mzee.

"Niliziangalia zote tatu tena," akasema. "Nikiwa mwaka wa tatu sekondari. Kwanza nilicheka peke yangu. Ati ameogelea! Kisha sikucheka tena."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja weye useme." Akavuta kiti chake karibu. "Lakini minye najua. Ulifanya juu nisilie. Nilikuwa mutoto. Iko sawa, papa."

Msamaha ulikuwa tayari, umewekwa mezani kama sahani. Ningeweza kusema asante, tukabonyeza, tukatazama bahari ikirudi, nikapanda gari la Baraka kesho yake nikiwa baba aliyedanganya kwa huruma. Muda si mrefu kabla ya hapo nilikuwa nimelia kwa tukio hilohilo. Lakini binti yangu alikuwa amekwisha kuniambia ubaya wa tukio lile, na alikuwa na haki.

Nikamwambia. Yule mwanamke wa ndagala, boti ya Alhamisi, nyumba, shule. Nikamwambia na lile swali nililomwuliza, neno kwa neno, na jibu lake, na jibu nililolipeleka sokoni.

Hakulia. Aliuliza maswali mafupi, kama mtu anayejaza fomu.

"Nilikuwa na miaka ngapi?"

"Tisa."

"Ulimwambia nimekataa."

"Ndiyo."

"Ulimwambia juu ya nini nimekataa?"

"Hapana."

"Yeye anafikiri sikumupenda."

Hilo halikuwa swali. Akazima televisheni kwenye swichi ya ukutani, akatoka nje, na nikamsikia anachota maji, akamwaga, akachota tena. Dada yangu aliporudi alitutazama wote wawili na kuniambia, "Umefanya nini tena weye?" Nikamweleza. Alikaa bila kuvua kitambaa chake cha kanisani. Alisema kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa anamlaani yule mama mbele ya mtoto, akidhani anamtetea mtoto.

Jumatatu asubuhi binti yangu alisema tunakwenda Kalundu, bandarini. Alisema tunakwenda, kwa hiyo nikafuata, nyuma hatua chache. Mwanamke wa ndagala bado anafanya safari zake. Amenenepa, ana miwani, alikuwa anasimamia magunia yake. Alinitambua kabla sijamsalimia. Kisha akamwangalia binti yangu kwa muda mrefu.

"Huyu njo ule?"

"Njo minye, mama," binti yangu akasema. "Nimekuja kuuliza. Mama yangu aliendelea kuniulizia, ao aliacha?"

Mwanamke akaniangalia kidogo, akamrudia yeye.

"Kila safari alikuwa anauliza, mwanangu. Umefika urefu gani, unasoma darasa gani. Miaka miwili, mitatu. Kisha akapata watoto wengine, akaacha. Hakukasirika. Alisema tu: basi, kama hataki."

Nimeyasikia maneno mengi magumu katika kutangatanga kwangu, mengi nikiwa nimestahili. Hayo sikuwa nimejiandaa nayo, kwa sababu hayakuelekezwa kwangu.

Yule mwanamke akatoa simu yake. Hana namba ya mama, akasema, lakini jirani yake wa Kalemie anayo, na sauti ikitumwa leo itafika. Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaielekeza simu kwangu, kwa mazoea ya kumpa mkubwa nafasi ya kwanza.

"Sema, papa wa mutoto. Eleza."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa hata nimepata mwanzo mzuri, wa pole pole, wenye sababu.

"Hapana," binti yangu akasema, na akaichukua simu. "Yeye asiseme kitu. Nitasema mwenyewe."

Akatugeuzia mgongo, akasogea mpaka mwisho wa magunia, karibu na maji, pale injini za boti zinapopiga kelele. Niliona bega lake likipanda na kushuka. Aliongea kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Sikusikia hata neno moja, na sikusogea.