Posa yangu ilivyokwama Marangu kwa ajili ya kidari cha ngisi wa kilindini

Wakuu, habari za humu ndani.

Najua mtasema hii ni chai, na mimi ningekuwa msomaji ningesema hivyo hivyo. Ila mke ninaye, yuko hapa mtaani kwetu Soweto anakaanga vitunguu, na alipatikana kwa njia hii ninayowasimulia. Sijaongeza chumvi hata kidogo.

Mdogo wangu Godlisten ni mpishi kwenye meli ya watafiti wa bahari. Kazi ya hao jamaa ni kushusha kamera chini kabisa, kule jua halijawahi kufika, halafu wanakaa mbele ya skrini kusubiri. Wanasubiri nini, hata wao hawajui. Godi anawapikia wali, wanakula huku macho yako kwenye giza.

Sasa ikafika siku ya posa. Ukoo wetu tunatoka Marangu kwenda Tarakea, Rombo, kwa kina Anjela, mchumba wangu. Wazee wameshakusanyika nyumbani, mbege, pombe yetu ya ndizi, iko kwenye gari, mama ameshavaa.

Kwenye group la familia ikaingia video ya Godi.

Wakuu, ngisi. Ila ngisi mrefu kama basi dogo. Anatokea gizani polepole, mikono inaelea kama kanga kwenye kamba, jicho kubwa kama sahani ya pilau. Akaiangalia kamera, akaigusa, akaondoka. Watafiti wanasikika wakilia kwa furaha, mmoja anamkumbatia Godi pamoja na mwiko wake. Kumbe ni mnyama ambaye watu wamemtafuta miaka na miaka.

Baba yangu, ambaye ngisi hajawahi kumwona hata kwenye sahani, akavimba. Akawaambia wazee, "Mnamwona mnyama aliyempata mwanangu?"

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Baba Mkubwa Aminieli, kaka yake baba, ndiye aliyekuwa msemaji wetu wa posa. Akavaa miwani, akaitazama ile video, akaomba irudiwe. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Na kidari changu ni kipi hapo?"

Kwa wasio wa huku: kwetu mnyama akichinjwa, kila kipande kina mwenyewe. Kidari, ile nyama ya kifuani, ni cha mkubwa wa ukoo. Ukikosea kipande hujakosea nyama, umemkosea mtu. Kuna majirani zetu hawajasalimiana tangu niko shule ya msingi, chanzo ni ubavu.

Baba akacheka. "Kaka, huyu hana kidari. Hana hata mfupa."

Baba Mkubwa akavua koti, akalikunja vizuri, akaketi. "Basi kama sina kidari, sina safari."

Tukadhani ni utani. Haukuwa utani. Krismasi iliyopita baba alimpa mgeni wa kanisani kidari cha mbuzi, Baba Mkubwa akaambulia ubavu. Alikula kimya kimya, tukajua yameisha. Kumbe mzee alikuwa ameyaweka.

Na msemaji asipokwenda, hakuna posa. Tulikuwa tumeshaahirisha mara moja, na baba yake Anjela alitamka wazi kwamba tukiahirisha tena, geti halitafunguliwa. Wakuu, niliogopa. Huyo binti nilikuwa nampenda, siwezi kuficha.

Nikampigia Godi video call, nikamwekea Baba Mkubwa simu usoni.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba. Huyo mnyama ana kidari au hana?"

Godi akaenda kumuuliza mtafiti mmoja, mama wa kizungu aliyekuwa bado anafuta machozi. Akarudi. "Anasema hana kifua, Baba Mkubwa. Ila ana mioyo mitatu."

Shangazi akatoa hoja kwamba kidari si ndicho kinachofunika moyo? Basi mioyo mitatu, vidari vitatu, ndugu wagawane. Wazee wakatikisa vichwa, hoja ina uzito. Baba Mkubwa akakataa katakata. "Mnyama mmoja, kidari kimoja. Msiniletee mambo ya mjini."

Mzee mwingine akadakia: huyu ana mikono mingi, sasa mkono wa kulia ni upi? Likaanza zogo la mkono wa kulia. Mimi nimesimama pale na suti, jasho linanitoka, na kwetu Marangu asubuhi kuna baridi.

Godi akajaribu kusaidia. "Lakini wazee, hatukumchinja. Ameshaenda zake."

Baba Mkubwa hata hakumtazama. "Awe hai, awe amechinjwa, cha mtu ni cha mtu."

Nikamvuta baba nyuma ya zizi. Nikamwambia, "Baba, mimi ngisi simtaki. Naomba mke."

Baba ni mkaidi, ukoo mzima unamjua. Alikaa anaangalia migomba. Kisha akaenda mpakani mwa shamba, akakata jani la sale. Sale ukiletewa na mtu anayeomba radhi, hukatai, ndivyo tulivyolelewa.

Akalishika kwa mikono miwili mbele ya kaka yake. "Kaka, nimekukosea. Kidari cha yule ngisi ni chako chote."

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa analia. Hata mimi nilielewa kwamba pale haikuombwa radhi ya ngisi peke yake.

Baba Mkubwa akalipokea lile jani, akavaa koti. Tukaondoka.

Tarakea mambo yakaenda vizuri. Salamu, utani wa Marangu na Rombo, mahari ikaeleweka. Nikaanza kupumua. Ndipo babu yake Anjela, ambaye muda wote alikuwa kimya pembeni na fimbo yake, akakohoa.

"Mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu. Nasikia mna mnyama baharini."

Baba akatazama viatu vyake.

"Mnanichukulia mtoto. Mimi kwenye huyo mnyama nakula nini?"

Hakukuwa na jani la sale la kuliokoa hilo, maana hatukuwa tumemkosea, alikuwa anauliza haki yake. Nikaona ndoa yangu inazama mpaka kule kule kilindini.

Baba Mkubwa akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mzee, kidari cha yule mnyama ni changu. Nimekipata leo asubuhi, na sikukipata kirahisi. Kuanzia sasa ni chako."

"Aika," babu akasema, asante ya kwetu hiyo. Akanywa mbege, akatupitishia kata. Posa ikawa imekubaliwa.

Kurudi, mpaka tunafika Himo, Baba Mkubwa alikuwa anaangalia nje kama mtu aliyetoa dume la ng'ombe zizini. Nilitaka kumshukuru nikakosa pa kuanzia. Mpaka leo ananidai hiyo shukrani.

Nilichojifunza: mzee akidai kipande, usimfundishe maumbile ya mnyama. Mpe. Anataka kujua kama bado mnamhesabu.

Babu tukimpigia, baada ya salamu anauliza, "Mnyama anaendeleaje? Anakula?" Nilijaribu kumweleza kwamba hajulikani hata alipo. Akanijibu, "Ng'ombe wangu akiwa malishoni naye simwoni."

Sasa Anjela ni mjamzito, na babu ametangaza mbele ya ukoo kwamba kidari anamrithisha huyo mtoto. Kihamba, shamba la ukoo, hatuna, kiwanja bado, lakini mwanangu atazaliwa na mali chini ya bahari, na wazee wa pande zote mbili wanaitambua.

Wa Rombo mliomo humu, nisaidieni kabla kikao hakijaitishwa: akizaliwa wa kike, anarithi?