Majosho Saba ya Kengewa

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, nilimuua mbwa kwa kumtwahirisha, kumsafisha najisi yake. Wanangu hawapendi niseme nilimuua. Wanataka niseme alikufa. Wao wakae na neno lao, mimi niliyekuwapo ninalo langu.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Mjarumani. Nyumba yetu ilikuwa Mkomani, lakini kila mwaka mtama ulipokaribia kutoa maua tulivuka maji kwenda shambani kwetu, kisiwani Manda, mimi, Bibi, mama na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Ami yangu, ndugu wa baba, alikuwa na tanuri la chokaa hatua chache kutoka hapo. Mlinzi wa shamba alikuwa Mzee Feruzi. Alizaliwa mtumwa wa babu yangu; siku hizo alikuwa ameshaitwa huru, ila kazi ilikuwa ile ile, kufukuza nguruwe na tumbili. Kengewa alikuwa mbwa wake, mwekundu, mwembamba wa mbavu. Kwetu mbwa haingii ndani wala hashikwi, lakini bila mbwa mtama wa Manda hauvuniki, kwa hiyo alivumiliwa. Mimi nilimpenda kwa siri, kama mtu anavyopenda kula udongo.

Mwaka huo Mzee Feruzi alipata habari kwamba dada yake ni mgonjwa huko Mkokoni, akaenda kumtazama. Siku mbili baadaye Kengewa akaanza kujikuna. Alijikuna masikio, makwapa na tumbo. Alijitafuna miguu mpaka manyoya yakamtoka na ngozi ikabaki mbichi. Mahali alipopachagua pa kujikunia ni mbele ya mlango wetu, penye kivuli.

Bibi alipomwona alishika kifua. "Yule hajikuni," akasema. "Yule hutimba kaburi la mtu wa nyumba hini."

Jioni ile mdogo wangu akashikwa na homa. Ami alipoambiwa hakubishana. "Ijumaa nikitoka kuswali, kama hajawata kujikuna, namfunga jiwe namtosa baharini." Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Basi nilikuwa na Alhamisi moja tu ya kumponya, na nilichokuwa nacho ni elimu. Bibi ndiye aliyenisomesha. Mwezi ule alikuwa amenifundisha kwamba chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa mchanga, na baada ya hapo ni tohara, kisafi, unakinywea. Nikafikiri kwa akili yangu yote: ikiwa mara saba zinautoa uchafu wa mbwa kwenye bakuli, zitashindwaje kuutoa kwenye mbwa mwenyewe?

"Bibi," nikamwuliza juu ya ule mchanga, "mtanga upi ulio tohara kupita wote?"

Alikuwa akipepeta, hakuinua macho. "Moto husafisha kila kitu. Enda zako."

Nilikwenda. Nilikwenda moja kwa moja kwenye tanuri la Ami, ambamo mawe yalipikwa kwa moto siku nyingi, nalo lilifunguliwa asubuhi ile. Chokaa ilikuwa haijazimwa kwa maji. Nilikuwa nimekatazwa kuikaribia, lakini sikuambiwa kwa nini. Watoto wa siku zile tulikatazwa mambo mengi kwa pamoja na hatukujua lipi linaua. Niliokota mabonge kwa leso, nikayatwanga kwa jiwe. Unga ulitoka mweupe mno, nikaona huu ndio mchanga wenyewe.

Alhamisi mchana, watu wamelala, nilimfunga Kengewa kwenye mti wa mkoma ulio karibu na kisima. Mara sita nilimmwagia maji na kumsugua. Alitulia kabisa, macho ameyafumba, na nadhani ilikuwa raha yake ya kwanza wiki nzima. Ningeishia hapo, angeishi. Mara ya saba nikampaka ule unga akiwa bado amelowa, kwenye vidonda, ndani ya masikio, na kuzunguka macho, maana huko nako alikuwa akijikuna.

Unga ulikutana na maji, ukaanza kuchemka juu yake. Alilia kwa sauti ambayo sijaisikia kwa mnyama mwingine. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Bibi alikuwa amenieleza kwamba jini hatoki kwa hiari, hupiga kelele kwa kinywa cha yule aliyempanda. Nikajua jini wa Kengewa anatoka. Nikamkumbatia shingo asikatize dawa, nikampaka tena, na viganja vyangu vilipoanza kuungua niliuma meno nikaendelea. Alinyamaza yeye kabla mimi sijaacha. Akageuza kichwa, macho yake meupe hayaoni tena, akaniramba mkono.

Wakubwa walikuja mbio. Ami alitazama, akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Sasa hajikuni tena!" akasema.

Bibi hakumtazama mbwa. Alitazama mkono wangu. "Amekuramba?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi osha. Mara sabaa."

Niliosha malengelenge yale mara saba, moja kwa mchanga, na Kengewa akitetemeka hatua tatu kutoka kwangu. Nikamwomba Ami ammalize. Akasema yeye alisema Ijumaa, na akamtosa Ijumaa, baada ya sala.

Homa ya mdogo wangu ilishuka siku hiyo hiyo. Habari ikavuka maji hadi Mkomani kwamba mjukuu wa Bibi kamtoa jini kwa kuosha mara saba na kamwokoa ndugu yake. Nililetewa halua. Nilikula.

Jumapili Mzee Feruzi akarudi. Nilimweleza yote mwenyewe, viganja vyangu vimefungwa vitambaa. Alichuchumaa mbele yangu.

"Kila mwaka mtama ukitoa maua hujikuna, Mwana," akasema. "Mimi humwosha mayi ya pwani, nikampaka uto kidogo. Maua yakianguka hupoa mwenyewe." Akatazama shambani. "Yameanza kuanguka."

Katika mfuko wake alikuwa na kibuyu kidogo cha uto, mafuta ya ufuta aliyoyanunua Mkokoni kwa ajili ya mbwa wake. Alifungua vitambaa vyangu, akanipaka viganja vyote viwili, polepole, mpaka mafuta yakaisha.

Sikumwambia Bibi aliyoyasema Mzee Feruzi. Bibi alikufa akinisifu kwa wageni, na mimi nikikaa kando yake nimeinamisha kichwa kama mtoto mwenye adabu. Ile chokaa nimeshajisamehe, kwa sababu sikujua. Lakini siku ya Jumapili ile nilikuwa nimeshajua, na halua nyingine ilipoletwa Jumatatu, nilinyoosha mkono nikaipokea.