Mgeni Aliyemezwa

Kwa watu wa mama yangu, huku Kilosa, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti. Baba mzazi analima, anasomesha, anaheshimiwa, halafu anakaa pembeni. Baba yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge, akamwoa mama, na tangu hapo akaishi kwenye ardhi ya wakwe zake, wakimtania kuwa mgeni asiyejua siku ya kuaga. Alicheka nao. Sisi watoto tulimpenda kupita kiasi, pengine kwa sababu hatukuhesabiwa kuwa wake.

Mashamba ya mkonge yalipoanza kufa, na watu wakawa wanaandikishwa kuhamia kijiji cha ujamaa, kaka yake baba alikuja kumchukua. Alishuka basi Mikumi, akadandia lori mpaka kwetu, na hata vumbi halijamtoka alikwisha kusema lililomleta: kazi imekwisha, viwanja vinagawiwa upya, huku huna ardhi wala watoto, rudi kwenu. Baba alimvutia kigoda, akaenda kumletea maji. Nilikuwa likizo kutoka sekondari, na niliogopa kweli kweli kwamba angekwenda.

Jioni tulikaa kupukuchua mahindi. Nikiwa na hofu mdomo wangu haufungi, basi nikaanza kuropoka ya shuleni. Mwalimu wetu wa biolojia, kijana aliyetoka chuo kikuu juzi tu, alitueleza jambo ambalo baadhi ya wataalamu bado walikuwa wakilicheka. Ndani ya seli za miili yetu mna vijidude vinavyotupa nguvu, vinaitwa mitokondria. Hapo kale, eti, mitokondria ilikuwa kiumbe cha kujitegemea. Seli kubwa ikakimeza, kikagoma kusagika, kikabaki humo kikizaana. Kilikuwa na maelekezo yake ya urithi, lakini kidogo kidogo mengi yakahamia kwenye kiini cha mwenyeji, mengine yakapotea kwa kukosa kazi. Leo kimebaki na machache tu.

Baba mkubwa akaguna kwamba huyo ni mgeni mjinga, kaacha urithi wake ukaliwa na watu.

Baba aliweka gunzi chini. "Akitoka humo, ataishi?"

"Hapana, baba. Hana tena vya kumtosha peke yake."

"Na mwenyeji je, huyo mgeni akiondoka?"

"Atakosa nguvu. Naye atakufa."

Mama alikuwa ameinamia ungo wake. Hakuinua uso, ila mikono ilikuwa imesimama.

Asubuhi tulimsindikiza baba mkubwa kwenye lori la Mikumi. Baba alimbebea mzigo, akaupakia, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Kaka, wasalimie nyumbani," alisema. "Mimi nimeshamezwa."

Mjomba alikuwa kando, ameegemea baiskeli yake. Nilingoja utani, kwa maana hakuwahi kumpitisha baba bila neno. Akaigeuza baiskeli ikaelekea barabarani, akapangusa kiti cha nyuma kwa kiganja.

"Shemeji, panda," alisema. "Twende ukachague kiwanja chako."