Majani Niliyomchemshia

Nilianza kumwonea wivu mwanamke wa kijiji cha Sironga kabla mume wangu hajafa. Tulifahamiana kliniki mjini Kisii, kila mmoja akiwa amemleta mumewe. Waume wetu walikuwa na ugonjwa mmoja, saratani ya uboho wa mifupa, na walichomwa sindano ileile tumboni. Mume wake akaanza kujaa mashavu. Wangu akazidi kukonda. Kanisani, siku ya Sabato, nilifumba macho niombe nikaona shati la yule mwingine linavyombana.

Mwanzoni muuguzi alituuliza kama tunawapa dawa za kienyeji. Nilisema hapana, wala sikuona kwamba ninadanganya. Kila asubuhi nilichuma majani mabichi ya chai shambani kwetu, nikayachemsha bila maziwa wala sukari mpaka maji yakawa machungu. Hata siku ya sindano nilimbebea kwenye chupa. Mama mkwe alisema yanasafisha damu. Kwetu chai ni zao, tunalipeleka kituo cha kununulia majani kupimwa uzito. Sikudhani ni kitu cha kumtajia muuguzi.

Baada ya mazishi nilirudi kliniki kurudisha dawa zilizobaki. Katika kuongea nikamtajia yale majani. Muuguzi akavuta kiti, akaketi.

"Mama, kila seli ina kinu chake," alisema. "Protini ikizeeka au ikiharibika hutiwa alama, huingizwa kinuni, hukatwa vipande vidogo, na vipande hivyo hutumika kujenga nyingine. Kinu kikikwama, uchafu hujaa."

Seli za saratani ile, alieleza, hutengeneza protini nyingi kupita kiasi, kwa hiyo hutegemea kinu hicho kuliko seli nyingine. Sindano hukiziba makusudi, ili taka zizisonge seli hizo zife. Lakini majani mabichi ya chai yana kitu kinachoweza kuikamata dawa kabla haijafika kinuni.

"Basi ni mimi?"

"Siwezi kusema hivyo. Wengine dawa haiwasaidii, hata kama hawajanywa chochote. Ila ningejua, ningekukataza."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi mwanamke wa Sironga alikuja kunipa pole. Mumewe alikuja naye, akaupanda mlima wetu kwa miguu yake mwenyewe.

"Huyu?" mkewe alisema nilipomsifu. "Siku hizi ananigombeza kwa ajili ya chumvi. Ugonjwa umepungua, kelele zimeongezeka."

"Chinsaga bila chumvi si mboga, ni adhabu," mumewe akajibu.

Ningetoa shamba zima la chai nigombezwe hivyo siku moja.

Walipotaka kuondoka, mwanamke akaniambia, "Dada, yale majani uliyokuwa ukimletea mzee kwenye chupa, nichumie kidogo. Sisi hatuna chai. Nataka kumwongezea huyu nguvu, bado ana sindano mbele."

Nilichukua mfuko, nikaingia katikati ya michai. Nilichuma vizuri, majani mawili na kichipukizi, kama ninayepeleka kituoni. Niliwaza kwamba hakuna atakayejua. Niliwaza kwamba na yeye akalale peke yake, aone kitanda kilivyo kipana. Halikuwa wazo la kupita tu, niliwaza hivyo mpaka mfuko ukajaa, nikamkabidhi mumewe.

Nikawasindikiza. Njia yetu inapita kando ya kaburi, chini ya migomba. Yule mwanamume alisimama, akavua kofia, mfuko ukining'inia mkononi.

"Mwenzangu wa sindano," aliliambia kaburi, "ulinipa nafasi yako kwenye foleni siku ile nilipozidiwa. Sijasahau."

Tulipofika barabarani nikasema, "Nirudishieni huo mfuko." Nikawaambia yote, habari za kinu, dawa na majani.

Mwanamke alinitazama. "Umejua tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na ukachuma."

"Nikachuma."

Mumewe akacheka kidogo. "Kumbe ulitaka nimfuate mzee wako?"

"Kidogo," nilisema.

Mkewe hakucheka. Alimshika mumewe mkono, wakaondoka bila kuniaga. Nilirudi na mfuko, nikayamwaga majani kwenye shina la mgomba. Nilipogeuka walikuwa wangali wanaonekana barabarani, na bado nilimwonea wivu, kwa ule mkono.